Hesabu ya Nne Julai

Nyuma ya bahasha ya bili ya umeme
niliandika: mapaja ya kuku, ratili kumi,
kwa sababu vidari wiki hii vimejiona mabwana.
Soseji za bei ya chini, zile za rangi ya waridi
ambazo hakuna anayeuliza zimetoka wapi.
Kabichi mbili. Viazi, mfuko mmoja.
Mahindi, sita kwa dola, rehema yenyewe.
Tikiti moja, lakini liwe lile
ambalo ukilipiga kofi linaitika.

Barafu nikaifuta. Barafu ni maji,
na tangu Jumapili nilikuwa nagandisha maji
kwenye makopo ya siagi.

Kiwandani wamemkata Wendell siku mbili kwa wiki.
Vioo vya magari vimelala ghalani, wanasema;
navyo vikilala, sisi tunakesha.
"Tuahirishe," alisema mlangoni,
akikwangua kutu ya jiko ambayo haikuwepo.
Nikamwambia: mwaka aliokufa mama yako tulichoma.
Mwaka wa mvua tulichomea ndani ya gereji,
tukanuka moshi mpaka Agosti.
Mwaka huu hatuna sababu ila pesa,
na hiyo si sababu, ni aibu iliyovaa koti.

Nilialika kumi na wawili.
Kwa kujihesabu na sisi, tukawa ishirini na watatu.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, sawa,
ila aliyesema hivyo hakutaja wageni wangapi.

Delphine wa nyumba ya pili alileta maharage matamu
na wapwa wanne ambao hakuwataja kwenye simu.
Mzee Szymon alikuja na viti sita vya kanisa
na mzigo wa matawi ya mtofaa
ulioangushwa na dhoruba ya Mei.
"Mkaa wako hautafika jioni," alisema,
na kweli haukufika.

Kisha Gordon, kaka yake Wendell,
akaegesha gari lake refu juu ya nyasi zetu
na kushuka na steki nne.
Nne. Nene kama kamusi,
zimefungwa kwa karatasi ya buchani na uzi.
"Hizi ni za wakubwa," akasema,
na hata watoto wakaacha kugombea bomba la maji.
Wendell alishika koleo
kama mtu anavyoshika kofia mbele ya bosi.

Sikusema neno.
Nilizichoma vizuri, siwezi kukana,
kwa chumvi na subira, juu ya moto wa mtofaa,
nikazipumzisha chini ya kifuniko cha sufuria.
Halafu nikachukua kisu cha mkate cha mama mkwe
nikazikata nyembamba, nyembamba,
mpaka jua la magharibi likapenya.
Vipande arobaini na saba. Nilivihesabu,
maana mwezi huu nahesabu kila kitu, hata vijiti vya kiberiti.
Viwili kwa kila mtu, wapwa wa Delphine wakiwemo.

Gordon aliitazama sahani yake muda mrefu.
Akatafuna. Akameza.
Akaomba aongezewe kabichi.

Usiku fataki za jiji zilipaa juu ya mto,
za bure, au tuseme tulizilipia zamani kwa kodi,
na watoto wakazitazama chali juu ya mashuka makuukuu,
midomo wazi, mbegu za tikiti mashavuni.
Mtu alisinzia kwenye kiti cha kanisa. Hatukumwamsha.

Saa sita nikawa jikoni naosha vikombe vya plastiki
ambavyo watu wengine huvitupa.
Karibu na friji, bakuli limefunika sahani,
na juu ya bakuli bahasha yangu.
Chini ya jumla, dola hamsini na nane na senti kumi,
mwandiko wa Wendell, umelala upande kama kawaida yake:
*Salio, kipande kimoja. Cha mpishi.*

Nilikila kwa vidole, nimesimama, kikiwa baridi.
Bili yenyewe bado imo ndani ya bahasha.